Siku saba Pemba: kutafuta miti ya bonsai kwenye majabali ya Kiuyu

Nilirudi Unguja tangu Novemba, lakini nilijizuia kuandika mpaka nione miti niliyokuja nayo inafanya nini. Sasa nimeshaona. Nimekaa na daftari langu, kurasa zake zimegandana kwa maji ya chumvi, na picha mia mbili na ushei zilizo kwenye simu, nikaipanga safari siku kwa siku.

Watu huniuliza kwa nini nihangaike kwenda kuchimba mti porini na hali mkwaju unaota wenyewe uani. Mkwaju wangu wa kwanza niliuotesha kwa mbegu mwaka 2011. Naupenda, lakini mpaka leo gogo lake halijapita unene wa mpini wa jembe. Mti uliopigwa na upepo wa bahari miaka hamsini una sura ambayo mkono wangu hautaipata katika umri wangu wote. Wajapani, ambao neno bonsai, yaani mti unaofugwa chunguni ukabaki mdogo, tumelipata kwao, mti wa namna hiyo uliotolewa porini huuita yamadori. Kule Ulaya miongoni mwa miti wanayoisaka sana ni lachi, mti wa milimani unaopukutisha majani yake membamba kama sindano kila mwaka. Huchimbwa mwisho wa baridi, macho ya matawi yakishaanza kuvimba na sindano hazijafunguka. Lachi hauwezi kuishi kwetu, kwa sababu lazima upate baridi kali ndipo ulale. Lakini kwa wachimbaji wa lachi ndiko nilikojifunza kanuni ninayoifuata: kwanza tazama mizizi, sura baadaye.

Lachi ya kwetu, kwa maoni yangu, ni pemfisi, Pemphis acidula kwa jina la kitaalamu. Bila shaka umeshaupita ukienda pwani na hukuujali. Ni kichaka cha juu ya majabali, pale ambapo maji yakijaa hurusha povu tu. Majani yake ni madogo, manene, yana vinyweleo vinavyoyafanya yaonekane ya kijivu, na ua lake ni jeupe, la petali sita nyepesi zilizokunjamana. Gogo lake ni gumu ajabu. Unapatikana tangu pwani yetu hii hadi visiwa vya Pasifiki, na Taiwan, Indonesia na Ufilipino wapenda bonsai wanauthamini kuliko miti mingi. Ufilipino ulichimbwa mno hata ukaingizwa katika orodha ya mimea iliyo hatarini. Nilikwenda Pemba jambo hilo likinikaa rohoni.

Alhamisi, 14 Novemba. Unguja hadi Chake

Nilichagua tarehe kwa mambo mawili. Vuli ilikuwa imeshaanza, na mti uliong'olewa unataka hewa yenye unyevu. La pili ni mwezi. Tarehe 15 ulikuwa mpevu, kwa hiyo bamvua: maji yangekauka mbali na kunipa nafasi ya kutembea chini ya majabali.

Boti ilikuwa iondoke saa moja asubuhi, ikaondoka saa nne. Nauli shilingi 35,000. Bandarini mkaguzi alifungua begi langu, akakuta mtarimbo, msumeno, panga na nyundo. Aliniuliza kwa upole nakwenda kufanya nini. Nikamwonesha picha za miti yangu ya vyunguni. Aliziangalia moja moja, akamwita mwenzake naye aje aone, kisha wakaifunga mitambo yangu kwa kamba na kuiweka pamoja na mizigo ya chini. Ukisafiri na vyombo vya chuma, fika mapema na uvitaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Mkondo wa baina ya Unguja na Pemba ulikuwa na mawimbi kidogo. Jirani yangu, bi mkubwa mmoja aliyekuwa akirudi Mkoani kutoka hospitali, alinipa nusu ya mkate wake wa kumimina na ndimu ya kunusa. Sikumwomba. Aliniona tu uso umebadilika.

Mkoani tulifika saa nane na nusu. Gari ya abiria, nambari 603, hadi Chake. Njia nzima ilinukia karafuu, zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa barabara, nyengine mbichi za kijani, nyengine zimeshaanza kugeuka. Dereva alikuwa akipunguza mwendo kila penye jamvi ili asizitimulie vumbi. Nililala Chake, chumba shilingi 40,000 pamoja na chai ya asubuhi.

Ijumaa, 15 Novemba. Ruhusa

Siku hii sikugusa mti, na ndiyo siku muhimu kuliko zote.

Usichimbe mti Pemba kimyakimya. Zanzibar ina sheria ya misitu, Nambari 10 ya mwaka 1996, na vijiji vingi vina makubaliano yao ya kuhifadhi misitu ya jamii. Hata jabali unaloliona tupu lina mwenyewe. Nilikuwa mlangoni kwa watu wa misitu kabla ya saa mbili, kwa sababu siku ya Ijumaa kazi hukatika mapema. Bwana misitu niliyemkuta alinisikiliza, akaniuliza maswali ambayo yalinifurahisha: nataka mingapi, mikubwa kiasi gani, na nikishachimba shimo nitalifanya nini. Nikamwambia miwili, isizidi minne. Akaniambia niende kwa sheha, nipate barua ya sheha na kauli ya mwenye eneo, nichimbe, kisha nirudi na miti yenyewe aione ndipo aniandikie kibali cha kusafirisha. Nilikuwa tayari kulipa. Akanambia nitalipa nikirudi na kitu mkononi, na nitapewa risiti.

Nilisali Ijumaa Chake, nikala wali wa nazi na changu wa kupaka kwa 6,000, nikapanda gari ya 602 mpaka Konde. Kutoka Konde gari za kwenda upande wa Micheweni zilikuwa zimeshaondoka. Nilikaa barazani kwa muuza vocha zaidi ya saa moja. Yeye ndiye aliyenitafutia kijana wa bodaboda, akapatana naye kwa niaba yangu, 10,000 mpaka Kiuyu. Njia inaanza kwenye kijani kitupu cha migomba na mikarafuu, halafu polepole udongo unakuwa mwembamba, miti inafupika, jiwe linatokeza. Huko ni maweni. Mtu aliyezoea Pemba ya mabonde na maji atadhani amevuka kwenda kisiwa chengine.

Sheha alinipokea baada ya magharibi. Alinisoma kwanza, kisha akanisikiliza. Halafu akampeleka mtoto amwite mzee mmoja ambaye eneo la juu ya pwani ni la ukoo wao. Mzee alikuja na bakora na tochi. Nilimwamkia, akaitika, akakaa.

"Mwanangu, mti huo wautakia nini?"

"Nataka kuufuga chunguni, mzee."

"Chunguni utakula nini?"

Nilimweleza: mchanga mkavu wa chembe kubwa, maji mara tatu kwa siku, mbolea kidogo. Akafikiri. "Hapa hauli kitu," akasema, "na haujafa." Kisha akanambia kesho tutakwenda pamoja, na nisitoe jembe kabla hajanionesha.

Nililala nyumbani kwake. Hakutaka kusikia habari ya malipo ya kulala. Usiku tulikula muhogo wa nazi na tasi wa kukaanga.

Jumamosi, 16 Novemba. Mti nisiouchukua

Tulitoka baada ya chai. Maji yalikuwa yakikauka kuelekea saa tano. Wanawake walikuwa wameshashuka zamani, kwa sababu bamvua ndiyo kazi ya mwani: wanafunga mbegu kwa tai-tai, vikamba vidogo, kwenye kamba zilizowambwa baina ya vijiti, wanavuna iliyokomaa, wanapandisha magunia juu yakiwa yanachuruzika. Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwaka 1989, na mzee anakumbuka kabla yake pwani hii ilivyokuwa ya pweza na chaza tu.

Pemfisi ilianza pale tu udongo ulipokwisha. Si mmoja wala miwili, ni ukanda mzima unaofuata ukingo wa jabali, yote imeinama upande mmoja kama watu wamerukuu. Kusi na kaskazi zimeikata juu kama mkasi. Jiwe lenyewe ni tumbawe la kale, lina meno, linachana kiatu. Vaa viatu vigumu na glavu za kazi. Nilivaa viatu vya raba, na kufika adhuhuri soli ya kulia ilikuwa imetoboka.

Halafu nikauona. Ulikuwa umesimama peke yake kwenye ncha ya jabali, chini yake mawimbi yameshalila jiwe mpaka pakawa na pango. Gogo nene kama paja la mtu mzima, limejisokota mara mbili, nusu yake imekufa zamani na kuwa nyeupe kama mfupa, nusu nyengine ni mshipa mmoja wa gome uliopanda ukazunguka na kulisha kichaka cha majani yasiyozidi ujazo wa kikapu. Kwa miaka kumi na tatu nimekuwa nikitazama picha za miti ya namna hiyo ya nchi nyengine. Nilipiga magoti.

Kwa saa mbili nilikagua mizizi. Mzee alinipa tindo yake, aliyoifua mwenyewe kutokana na springi ya gari, ndogo kuliko patasi yangu na kali zaidi. Niligonga pembeni ya ufa taratibu, kipande kwa kipande. Mzizi ulikuwa umeingia kwenye jiwe ukabapa kama mkanda, upana wa vidole vinne, unene wa kidole kimoja. Nilichimba urefu wa mkono mzima na sikukuta hata uzi mmoja wa mzizi mwembamba. Mizizi myembamba ndiyo inayokunywa. Mti huo ulikuwa ukinywa mahali fulani ndani kabisa ya jabali, mita mbili, pengine tatu mbele. Kuukata hapo ni kuondoka na ukuni.

Nilipokuwa nafikiri, mzee alinishika mkono akaupeleka upande wa nyuma wa gogo, chini. Kulikuwa na mfereji laini, umezunguka robo tatu ya gogo, umeingia ndani kiasi cha kucha. Nikadhani ni ugonjwa.

"Kamba," akasema. "Baba yangu alikuwa akifunga ngalawa hapa. Nami nimefunga."

Niliurudisha mchanga na vipande vya jiwe kwenye ufa, nikavishindilia kwa mpini wa nyundo, nikamwagia maji yangu ya kunywa. Nilipiga picha zake 31. Ndio mti mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona kwa macho, na uko pale pale.

Jioni, tulipokuwa tunapanda kurudi, mwanamke mmoja mwenye gunia la mwani kichwani alitusimamisha. Kama natafuta miti hii, akasema, basi nichukue ile ya kwenye njia yao. Ilikuwa ikiwachana magunia na kanga kila siku, na wao walikuwa wamepanga kuikata kwa panga kabla ya bamvua ijayo. Mzee akaitika. Hapo ndipo safari yangu iliponyooka.

Jumapili, 17 Novemba. Kuchimba

Miti ya njiani ilikuwa na sababu nyengine ya kuchukuliwa. Haikuwa ndani ya jiwe. Njia ya wanawake inapita kwenye mabakuli, mashimo ya jabali yaliyojaa mchanga, majani yaliyooza na mabaki ya mwani yaliyodondoka kwenye magunia mwaka baada ya mwaka. Mti ulioota ndani ya bakuli hauwezi kupeleka mzizi mbali. Unazunguka humo humo.

Nieleze kwa urefu nilivyoutoa wa kwanza, kwa ajili ya atakayefuata. Ulikuwa na kimo cha magoti, gogo la unene wa kifundo cha mkono, limelala kisha likainuka. Mbuzi walikuwa wameula matawi tangu utoto wake, kwa hiyo vitawi vyake vilikuwa vifupi na vingi. Kwanza nilipunguza majani theluthi moja, si zaidi, kwa sababu pemfisi usiobaki na majani ya kutosha hauamki. Nilifunga matawi pamoja kwa kamba ya usumba ili yasivunjike. Nikauondoa mchanga wa juu kwa mkono. Vidole vinahisi kile ambacho jembe halikioni. Chini ya kina cha kiganja nilikutana na zulia: mizizi myembamba ya rangi ya kahawia, imesukana na majani yaliyooza, imeshika umbo la bakuli. Nilipitisha mtarimbo pembeni, nikainua kidogo, nikazunguka, nikainua tena. Mzizi mmoja mnene ulikuwa umetafuta ufa wa chini. Niliukata kwa msumeno, mkato mmoja safi. Mti ukatoka na udongo wake wote kama mkate unavyotoka kwenye chungu.

Hapo usikawie. Upepo wa pwani unaua mzizi mwembamba kwa dakika chache. Nilikuwa nimeloweka makumbi ya nazi na magunia usiku kucha kwa maji ya kisima. Nikauzungushia makumbi, nikafunga gunia juu yake, nikakaza kamba mpaka usitikisike, kisha nikauweka ndani ya pakacha ambalo binti wa mzee alinisukia asubuhi ile ile. Pakacha bichi la mnazi ni chombo kizuri kuliko ndoo: linashika, linapitisha hewa, halina uzito.

Mti wa pili ulitoka vizuri vile vile. Wa tatu niliukosea. Jua lilikuwa limepanda, maji yalikuwa yanarudi, nikafanya haraka. Mtarimbo uliteleza kwenye jiwe ukauangukia mzizi, ukaupasua kwa urefu mpaka kwenye shina. Nilisikia sauti yake. Nilifunga pale pale kwa kitambaa na kuubeba, lakini nilijua. Mti ule ungekatwa kwa panga hata nisingekuja, na hilo halikunifariji. Ulikuwa mkononi mwangu.

Mashimo tuliyafukia pamoja, wanawake wawili walileta mchanga kwa ndoo, njia ikawa pana. Mvua ilishuka saa tisa, kubwa, ya dakika ishirini. Mapakacha matatu mabichi hayapakiki kwenye bodaboda. Mwenye gari ya ng'ombe aliyekuwa amepeleka mawe alitukuta tumejibanza chini ya mkungu. Alinipakia mpaka barabarani, karibu saa nzima ya mwendo wa ng'ombe, akakataa pesa. Nilimwachia pakiti ya tende niliyokuwa nayo kwa ajili ya watoto wake.

Jumatatu, 18 Novemba

Siku ya kupumzisha miti kivulini kwa mzee na kuinyunyizia maji kila saa mbili. Asubuhi nilikwenda Ngezi kwa bodaboda, kutazama tu. Ngezi ni hifadhi, hutoki na kitu hata jani lililoanguka. Lakini mtu wa bonsai ana la kusoma humo. Niliuona mpapindi, mnazi mwitu wa Pemba usiopatikana kwengine duniani. Na kwenye sehemu ya mchanga maskini ndani ya msitu kuna vichaka vya jamii ya Erika, vimefupika na kujipinda kwa kukosa chakula, hatua chache tu kutoka kwenye miti mikubwa isiyoonekana kilele. Kwenye vinamasi vya Amerika ya Kaskazini lachi hudumaa kwa sababu iyo hiyo: njaa. Kiuyu ni chumvi, upepo na mbuzi.

Jumanne, 19 Novemba. Mlandege wa Wete

Nilipita Wete kwa ajili ya halua, lazima nikiri, kwa sababu mama yangu asingenielewa ningerudi bila halua ya Wete. Nilikuwa nakunywa kahawa nje ya duka niliposikia nyundo. Mafundi walikuwa wanabomoa ukuta wa zamani wa mawe na chokaa uani kwa bibi mmoja, na juu ya ukuta umeota mlandege. Ndege au popo hula tunda, huacha mbegu kwenye ufa, na mbegu huchipua hapo hapo juu bila udongo. Huu ulikuwa umeshuka na mizizi yake kwenye uso wa ukuta, mizizi mingi iliyoungana na kuachana kama mishipa ya nyuma ya mkono wa mzee.

Nilibisha hodi. Bibi akanikaribisha, nikamwamkia, nikamweleza. "Mti umenivunjia ukuta huo!" akasema. "Uchukue, mwanangu, uende nao." Lakini aliposikia kwamba nitautunza alinyamaza kidogo, akasema marehemu mumewe alikuwa akiukata kila mwaka na kila mwaka unarudi. Fundi mkuu alisimamisha kazi nusu saa. Tulibomoa jiwe kwa jiwe kuufuata mzizi badala ya kuuvuta, na ukatoka mzima, pamoja na jiwe moja la ukubwa wa boflo ambalo mizizi ilikuwa imelikumbatia. Sikulitoa. Limekuja Unguja pamoja nao.

Mlandege ni mti wa kuanzia kwa mtu mpya. Unaweza kuukata majani yote, ukasafiri nao siku tatu, na bado ukaamka. Utomvu wake mweupe hautoki nguoni, basi vaa nguo ya kazi. Kuta zinazobomolewa hapa kwetu hazikosekani, uliza mafundi.

Jumatano, 20 Novemba. Kurudi

Nilikwenda moja kwa moja kwa bwana misitu na mapakacha manne. Alifungua moja, akaingiza kidole kwenye makumbi kuona kama ni majimaji, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kibali, risiti, muhuri. Boti mchana. Mizigo walinitoza 12,000, na nilikaa sitaha ya nyuma na kanga yenye maji nimeifunika juu ya matawi, kwa sababu upepo wa mwendo wa boti ni mbaya kuliko jua. Abiria mmoja kijana alisimama kuniwekea kivuli kwa mwili wake mpaka tulipopita Tumbatu. Nilimwambia akae, akasema amekaa sana njiani.

Jumla ya safari, kila kitu pamoja na halua: shilingi 287,000.

Tangu hapo

Usiku ule ule niliipanda, kwa taa. Visanduku vya mbao, si vyungu vizuri. Changarawe ndogo iliyochekechwa vumbi lote, na mchanga wa chembe kubwa, na makumbi yaliyokatwakatwa kidogo. Nikaifunga kwa waya kwenye kisanduku ili isitikisike hata kwa upepo, kwani mzizi mpya ni kama uzi wa buibui. Kivuli cha makuti, maji matamu asubuhi, adhuhuri na jioni. Wengine humwagia pemfisi maji ya bahari. Si lazima: mti huu unaivumilia chumvi, hauihitaji. Unachokihitaji ni kutokauka kabisa.

Mlandege ulichipua siku ya kumi na moja.

Pemfisi wa tatu, ule niliouumiza, ulishika majani wiki mbili, kisha yakawa mepesi na ya rangi ya majivu. Tarehe 14 Disemba nilikwaruza gome kwa ukucha chini, katikati, juu. Kahawia kote. Sikuutupa kwa siku kadhaa.

Wa kwanza bado una majani yale yale ya Kiuyu, hayaongezeki wala hayaanguki. Pemfisi inaweza kukaa hivyo miezi, na kosa kubwa ni kuuchimbua kuangalia. Sitaugusa.

Wa pili, Jumamosi tarehe 11 Januari, baada ya alfajiri, nilikuwa naumwagia maji nikaona kitu kwenye gome tupu la shina, upande usio na tawi. Nukta ya kijivu, laini, ukubwa wa punje ya ulezi. Kufika Jumatano zilikuwa nne, na ya kwanza imeshafungua majani mawili yenye vinyweleo vinavyoshika matone. Hautakatwa wala kuviringishwa waya kabla ya vuli ijayo. Nilimpelekea picha mtoto wa sheha amwoneshe mzee.

Mzee amejibu kwa sauti. Anasema njia ya mwani ni nzuri sasa, na anaulizia tindo yake. Nimeikuta chini ya begi, imefungwa ndani ya gunia lililokauka. Masika, bamvua ya kwanza, nitampelekea.